Lubumbashi: Fundi wa nguo anahitaji patroni mbili, moja ya kazi na moja ya kulala

LUBUMBASHI – Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, nikiwa na miaka tisa, mama alinituma niwashe mbabula. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na makala yalikuwa yameshika maji. Nikatafuta karatasi. Chini ya mashini yake ya kushona kulikuwa na fungu la karatasi za kahawia zilizokunjwa, zenye mistari ya penseli na namba ambazo sikuzielewa. Zilishika moto vizuri sana. Maji ya chai yalipoanza kuchemka mama akaja, akaangalia majivu, akauliza kitu kimoja tu: "Sasa kwaya itavala nini Pasaka?"

Zilikuwa patroni za kanzu za kwaya ya parokia yetu. Vitambaa vilikuwa vimekwisha kununuliwa na siku zilikuwa zinahesabika. Mama alilazimika kuwapima waimbaji upya, mmoja baada ya mwingine, na kukata kila kanzu moja kwa moja juu ya kitambaa. Pasaka ilipofika kwaya ilivaa, lakini mikono ya kanzu haikulingana, na shingo za mstari wa mbele zilikuwa pana kuliko za mstari wa nyuma. Hakunichapa. Nadhani hata leo angependa kuwa alinichapa.

Nimekumbuka majivu yale mara nyingi tangu nilipoanza kuandika juu ya kazi za mikono katika mji huu. Karibu kila atelie ya kushona ina hadithi ya namna hiyo. Panya walikula. Bati lilivuja mwezi wa kwanza. Mwanafunzi wa kazi aliondoka nazo. Au fundi mzee alifariki, na familia ikatupa makartoni yake pamoja na vitambaa vilivyobaki, kwa kuwa hakuna aliyejua ni nini.

Neno lenyewe linachekesha kidogo kwetu. Patron ni mkubwa wa kazi, yule unayemsalimia kwa heshima ili mwisho wa mwezi akukumbuke. Patroni ya fundi ni karatasi au kartoni iliyokatwa kwa umbo la mgongo, kifua, mkono au mfuko wa nguo. Fundi anaiweka juu ya kitambaa na kufuata ukingo wake kwa chaki. Katika atelie, hii ya pili ndiyo inayotoa amri.

Pita karibu na soko ya Kenya (ninasema komini ya Kenya ya hapa Lubumbashi, si nchi) au katika njia za Katuba na Kamalondo, utaona kwamba mafundi wengi hawaitumii. Wanapima mteja kwa mita, wanaandika vipimo ndani ya kayee, wanatandika kikwembe juu ya meza, wanachora kwa kipande cha sabuni, wanakata. Huo ni ufundi wa kweli, na mwenye jicho zuri hapotezi hata kipande. Kwa nguo ya mtu mmoja, ya siku moja, sioni kosa. Mteja akileta kikwembe chake cha yadi sita na mtindo aliouona kwenye simu, patroni ya zamani haiwezi kusaidia sana.

Taabu inaanza pale nguo moja inapotakiwa mara thelathini. Na mji huu unaishi kwa nguo za namna hiyo: kwaya, sare za harusi, vikundi vya akina mama vinavyovaa kikwembe kimoja, na zaidi ya yote masomo. Mtoto wa Kongo anavaa bluu na nyeupe kutoka Goma hadi Kasumbalesa. Tangu elimu ya msingi ya shule za serikali ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka wa 2019, watoto wengi ambao walikuwa wanabaki nyumbani wameingia darasani, na kila mmoja anahitaji shati na sketi au suruali. Kuanzia mwezi wa nane hadi wiki za kwanza za mwezi wa tisa, fundi asiye na patroni anapima upya kitu kilekile alichokipima mwaka jana. Aliye na patroni anatandika vitambaa vinne au vitano, kimoja juu ya kingine, anachora mara moja na kukata.

Kwa hiyo swali si kama patroni ina faida. Wote waliopita katika shule za coupe-couture wanajua kuichora, walifanyiwa mtihani juu yake. Swali ni kwa nini haidumu. Ili kulijibu nilienda kutafuta kwa watu ambao wamehangaika na swali hilo kwa karne nyingi kuliko washonaji: wafumaji wa dantela.

Usiwaze dantela ya madukani mwetu, ile inayouzwa kwa yadi na kuvaliwa siku ya harusi. Hiyo inatoka kwenye mashini. Ninasema dantela ya mkono, ya vijiti, ambayo iliipa sifa Ubelgiji, hasa miji ya Bruges na Brussels. Mfumaji anakaa na mto mgumu mapajani. Nyuzi zake zimezungushwa kwenye vijiti vidogo vya mbao, viwili viwili, wakati mwingine kumi, wakati mwingine mia na zaidi. Anavipishanisha na kuvisokota, na kila mara nyuzi zinapokutana anachomeka pini ili zisiteleze. Pini ile haiwekwi popote. Inaingia katika tundu lililotobolewa mapema juu ya kartoni iliyolala juu ya mto. Kartoni hiyo yenye matundu ndiyo patroni yake. Bila yenyewe hakuna ua, hakuna jani, kuna nyuzi tu zilizochanganyikana.

Mji wetu una uhusiano na dantela hiyo kuliko tunavyokumbuka. Lubumbashi ulipoanzishwa mwaka wa 1910 uliitwa Élisabethville, na jina hilo ukalibeba hadi mwaka wa 1966. Elisabeth huyo alikuwa malkia wa Wabelgiji, mke wa mfalme Albert wa Kwanza, na ndiye aliyekuwa mlezi wa kamati iliyotetea kazi ya dantela nchini mwake. Vita ya 1914 ilipokuja, jeshi la Ujerumani likaikalia Ubelgiji na uzi ukakosekana. Shirika la msaada lililoongozwa na Mmarekani Herbert Hoover, aliyekuja kuwa rais wa nchi yake, lilipata ruhusa ya kuingiza uzi na kutoa nje dantela iliyofumwa, na maelfu ya wanawake wakapata mkate kwa njia hiyo. Kumbe malkia ambaye jina lake liliandikwa kwenye stesheni yetu ya reli alikuwa pia mtetezi wa matundu ya pini. Huku Katanga, masista na vituo vya akina mama katika kambi za wafanyakazi walifundisha sindano: kushona, kufuma sufu, kutarizi vitambaa vya meza. Bibi zetu wengi walipita hapo, na vitambaa vyao vya kufunika viti bado viko katika nyumba nyingi.

Sasa tuone patroni ya dantela inatayarishwa namna gani, maana hapo ndipo kuna somo la fundi wetu.

Kwanza inachorwa juu ya karatasi ya miraba, nukta kwa nukta. Halafu karatasi inabanwa juu ya kartoni ngumu, laini, yenye kung'aa kidogo, na chini yake kunawekwa kitu kinachopokea sindano, kama koki au kitambaa kizito. Mfumaji anachukua sindano nyembamba iliyofungwa katika kishikio cha mbao, anaipitisha kwenye nta ya nyuki ili isikwame, na kutoboa kila nukta, sindano ikiwa imesimama wima. Ikilala hata kidogo, tundu la chini linaachana na la juu, na dantela inakwenda upande. Matundu yakiisha, anachora kwa wino njia ambazo nyuzi zitapita. Wino lazima uwe ule usiotoka kwa jasho, kwa sababu uzi mweupe unachukua kila uchafu unaogusa. Zamani walitumia ngozi ya mnyama iliyokaushwa, na patroni moja iliweza kutumiwa na mama, binti na mjukuu. Siku hizi wengi wanafanya fotokopi juu ya karatasi nzito na kuifunika kwa plastiki ya rangi isiyong'aa, mara nyingi bluu. Inalinda wino, na macho hayachoki kwa kuangalia uzi mweupe juu ya karatasi nyeupe.

Lakini kilichonifanya nifikirie atelie zetu ni kitu kingine. Patroni ikitumiwa sana matundu yanapanuka, na pini haisimami tena mahali pake. Mfumaji haitengenezi kwa kuizungushia penseli pembeni. Anaiweka juu ya kartoni mpya na kutoboa tena kupitia matundu yaleyale, au anaweka karatasi juu yake na kusugua kwa nta nyeusi ili matundu yajitokeze, kama watoto wetu wanavyosugua penseli juu ya sarafu. Na anayejua kazi anafanya hivyo kabla ya patroni kuharibika. Anaweka moja pembeni, nzima, ambayo haichomekwi pini hata siku moja. Ile inalala. Kazi yake ni kuzaa nyingine.

Kwetu mambo yanakwenda hivi. Fundi ana patroni ya sketi ya mwanafunzi iliyokatwa kutoka kartoni ya biskuti. Ikichakaa anailaza juu ya kartoni mpya, anaizungushia biki, anakata. Ile ya zamani inatupwa. Mwaka unaofuata anafanya vilevile. Tuhesabu. Biki haipiti juu ya ukingo, inapita nje yake, tuseme milimita moja. Akirudia mara tano, kila ukingo umesogea milimita tano. Sketi ya vipande sita ina kingo kumi na mbili za kushonwa. Kumi na mbili mara tano ni milimita sitini, yaani sentimita sita za ziada kiunoni. Fundi ataapa kwamba patroni ni ileile aliyopewa na mwalimu wake, na hatakuwa anadanganya. Mama wa mtoto naye atasema watoto wa siku hizi wanakonda.

Kwa njia ya matundu kosa hilo ni gumu kutokea. Laza patroni iliyolala juu ya kartoni mpya, bana zisisogee, chukua sindano nene na toboa kwenye kila pembe, halafu kila sentimita moja au mbili kwenye sehemu za mviringo, kama shingo na kwapa. Ondoa, unganisha matundu kwa rula na kwa mkono, kata juu ya mstari wenyewe, si nje yake. Toboa pia ncha ya kila pensi na mahali pa mfuko, ili chaki ipite katika tundu na kuacha nukta juu ya kitambaa. Wanaotarizi wanaijua mbinu hii kwa jina lingine. Katika nchi nyingi, India ikiwa mojawapo, ua la kutarizi linatobolewa juu ya karatasi, na unga wa chaki unapitishwa kwenye matundu kwa kitambaa. Kwa kitambaa cheupe, unga wa makala uliosagwa vizuri unatosha. Wa mbabula hauna bei.

Kuhusu vifaa, nitasema ninavyofikiri baada ya kuona vingi vikishindwa. Kartoni ya masanduku yenye mawimbi ndani ni adui: ukingo wake unalegea haraka, na chaki inaula. Karatasi ya kahawia peke yake inachanika. Farde za ofisini ni nzuri kwa nguo za watoto. Kwa kipande kikubwa, bandika karatasi mbili nzito, moja ikilala na nyingine ikisimama, kwa gundi nyembamba, na uziache chini ya uzito hadi zikauke. Sababu yake ni hii: karatasi inanyonya unyevu na kupanuka, na inapanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Zikipishana zinazuiana. Hapa kwetu, ambapo mwezi wa saba hewa inakausha midomo na mwezi wa kwanza nguo hazikauki kwenye kamba, kipande kirefu kinaweza kuongezeka milimita chache bila mtu kukigusa. Funga kingo kwa utepe wa plastiki. Usipake nta ya mshumaa, kama nilivyowahi kushauriwa: inabaki kwenye kitambaa, na pasi inaigeuza kuwa doa.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni filimu ya zamani ya radio, ile ya kifua au mguu ambayo kila nyumba inayo nyuma ya kabati. Hainyonyi maji, panya haipendi, unaona kitambaa kupitia kwake. Iweke katika Javel iliyochanganywa na maji, nje ya nyumba, mikono ikiwa na glavu. Weusi utatoka wote na kubaki plastiki safi. Suuza vizuri. Jina la mgonjwa litatoka pamoja na ugonjwa wake, na ni vizuri hivyo. Upungufu wake ni ukubwa. Filimu kubwa za kawaida zina sentimita 35 kwa 43, kwa hiyo zinafaa kola, mikono, mifuko na nguo za watoto, lakini mgongo wa mtu mzima unahitaji mbili zilizounganishwa.

Juu ya kila kipande andika kwa wino usiofutika: nguo gani, ukubwa gani, vipande vingapi, tarehe, uzi wa kitambaa unaelekea wapi, na kama sehemu ya mshono imo au haimo. Hilo la mwisho limeharibu vikwembe vingi kuliko mkasi butu. Toboa tundu la kutundikia. Patroni za kazi zitundikwe ukutani, zisikunjwe. Zile zinazolala zisikae katika atelie hata kidogo. Ziende nyumbani, zilale bapa chini ya godoro au katika valise, mbali na bati linalovuja. Na picha ya simu si patroni: kioo cha simu kinapinda kingo. Ukitaka kuipiga ipige, lakini weka rula pembeni yake.

Kuna watakaosema fundi wa kweli anabeba kila kitu kichwani, na wana ushahidi mzuri. Katika Kasaï, wanawake wa Kikuba wanatarizi velvet ya rafia, ile iliyojaa majumba ya makumbusho ya dunia, bila kuchora chochote. Mwanamume anafuma kitambaa, mwanamke anaanza na sindano, na miraba inafuatana na kupindana kama vile mtu anamsomea. Lakini mwanamke yule alikaa kando ya mama yake au shangazi yake kwa miaka. Mwanafunzi wa kazi wa Lubumbashi anakaa miezi michache, anapata kazi katika kampuni ya mgodi, anaondoka. Kichwa cha fundi hakipati nafasi ya kujitoboa katika kichwa kingine.

Na kuna mtoto wa mji huu aliyechukua njia iliyo kinyume kabisa. Msanii Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka wa 1978 na mmoja wa walioanzisha Biennale ya Lubumbashi mwaka wa 2008, alichukua vitambaa vya anasa vya ufalme wa Kongo, ambavyo vilipelekwa Ulaya karne nyingi zilizopita na kubaki huko, na mwaka wa 2017 akaonyesha mifumo yake ikiwa imemiminwa katika shaba nyeusi. Aliviita negativu: si kitambaa, ni alama yake iliyogeuzwa. Mbele ya picha za vipande hivyo nilifikiri mawazo ya mtoto wa mshonaji. Hii haiwezi kuwasha mbabula.

Wiki iliyopita nilimpelekea mama filimu sita nilizozisafisha mwenyewe. Anashona kidogo siku hizi, macho yanamsumbua, ila kwaya haijamwachia. Alizishika mbele ya dirisha, akazikunja kidogo kuona kama zitavunjika, akachukua sindano ya kushonea magunia na kuanza na mkono wa kanzu. Alifanya mbili, moja akaitundika kwenye msumari na nyingine akaiingiza chini ya godoro lake. Halafu akaniuliza kama hii nayo inashika moto.